Safu Hamsini na Tisa Zisizo na Herufi

Ngamiani, Tanga. Jumamosi, 30 Machi 1957

Masika yameingia kwa kishindo. Maji yamefika kizingiti cha mlango wa nyuma, na mke wangu Tabia ameinua kuni zake juu ya vinu viwili.

Baada ya adhuhuri alikuja Eliudi, karani mkuu wa kampuni moja ya mkonge ambayo jina lake sitaliandika hapa. Alikuwa na mfuko wa turubai kifuani, kaufunika kwa koti, na yeye mwenyewe amelowa.

"Shikamoo, Mzee Massoud."

"Marahaba. Vua viatu, Tabia ametandika mkeka mpya."

Ndani ya mfuko mna tepe za karatasi, nyembamba kama utambi wa taa, zimetobolewa matundu. Eliudi alinieleza. Ofisini mwao mjini mna mashine ya simu ya kuandika. Mtu hubonyeza herufi, mashine hutoboa utepe. Utepe hupitishwa katika mashine ya pili, na maneno hupita katika waya hadi ofisi yao ya mashambani, upande wa Korogwe, huko yakajichapa yenyewe kwenye karatasi. Anayebonyeza ni Noa, kijana wa Kibondei, mtu wa Magila. Mwezi uliopita wakataji wa mashamba matatu waligoma siku ile ile, saa ile ile. Meneja anataka kujua nani aliwaunganisha, na mtu mmoja ofisini amegundua kwamba tepe za Noa ni ndefu kuliko maneno yaliyochapwa.

"Fundi wa mashine yuko Nairobi, na reli imekatwa na maji mbele ya Korogwe," alisema. "Wewe uliishi na waya wa simu miaka thelathini, Mzee. Hesabu tu. Kama mna siri humo ndani, utuambie."

"Na ikiwemo?"

"Jalada linakwenda polisi baada ya Idi. Ni kazi na ni jela."

Akaniomba nisizungumze na Noa. Nikakubali. Kwa kweli nilifurahi. Ni miaka saba sasa hakuna aliyeniuliza jambo nililolijua.

Jumapili, 31 Machi

Mvua. Nimechagua utepe wa tatu, kwa kuwa nakala yake iliyochapwa ni safi. Matundu madogo ya kuvutia utepe hayahesabiwi. Mengine yamepangwa kwa safu, na kila safu ina nafasi tano: pana tundu au hapana. Nimezihesabu mara tatu kwa sindano ya Tabia. Safu 243. Herufi na tarakimu zilizochapwa ni 184.

Zimezidi hamsini na tisa.

Jumatatu, 1 Aprili

Mwezi umeandama. Baada ya magharibi watu walitoka barazani kuutazama kati ya mawingu mawili. Kesho tunafunga, inshallah.

Jumatano, 3 Aprili. Ramadhani 2

Leo Eliudi alinijia kutaka neno, nami nikampa. Naliandika kama nilivyolisema:

"Kila herufi ina safu moja. Mashine haiongezi kitu ambacho mkono haukubonyeza. Safu hizi hamsini na tisa zimewekwa na mtu."

"Kwa hiyo ana siri."

"Mtu huyu ana siri," nikasema.

Nilipima kwa kazi yangu ya zamani. Nilijifunza waya kwa Wadachi, Wajerumani hao, hapa hapa Tanga, nilipotoka Pemba mwaka wa 1913 na sanduku moja na ahadi ya kurudi mwisho wa mwaka. Vita vikaja, bahari ikafungwa, na habari ya kifo cha mama ilinifikia baada ya miaka minne. Hadi leo mtaani mimi ni "yule Mpemba". Lakini nukta na vistari sikuwahi kuvikosea. Herufi zilizotumwa zilikuwa ndizo zilizofika, hazikuzidi wala kupungua.

Ijumaa, 5 Aprili

Noa amesimamishwa kazi. Nimesikia msikitini.

Jumanne, 9 Aprili. Ramadhani 8

Asubuhi, mvua ikiwa imetulia kidogo, alikuja mwanamke mmoja mrefu, kanga mbili zimemganda mwilini, miguu imejaa udongo mwekundu ambao si wa mjini. Alisimama chini ya baraza, hakutaka kupanda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu ndani, unalowa."

"Nimekwisha kulowa. Naitwa Bibiana, natoka Magila. Wewe ndiye unayehesabu matundu?"

"Ndimi."

"Umeyahesabu yote?"

"Yote, mara tatu."

"Na mwanangu Noa umemwona?"

"Sijamwona, mama. Niliambiwa nisizungumze naye."

"Basi yote hukuyahesabu," alisema. "Liko moja limekupita."

Hakulia. Nilikuwa nimejiweka tayari kwa kilio, hata maneno ya kumtuliza nilikuwa nayo. Aliniuliza tu njia ya kwenda stesheni, nami nikamwonyesha, akaenda zake. Tabia alikuwa amekaa nyuma ya mlango na ukili wake mapajani, ule msuko wa ukindu wa kushonea mkeka. 

Jumatano, 10 Aprili

Nimeutoa utepe tena. 

Safari hii sihesabu, nasoma. Naweka nakala iliyochapwa kulia, utepe kushoto, na kila herufi naichorea matundu yake. E ni tundu moja pembeni. T ni tundu moja pembeni ya pili. A ni mawili yanayofuatana. Ninayo daftari ya watoto ya hesabu. Nimejaza kurasa nne.

Ujanani, Wete, nilimwona mzee mmoja akipiga ramli. Maumbo yake yalikuwa ya mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili, na yote pamoja hayakuzidi kumi na sita; humo ndimo alimosoma ndoa, safari na wizi. Sikumwamini, wala siamini sasa. Ila leo nimeona kwamba ukiongeza nafasi moja tu, ikawa tano, maumbo huwa thelathini na mawili. Thelathini na mawili! Na ndani ya hayo yanaingia kila neno ambalo mtu wa mjini anaweza kumwambia mtu wa shamba. Niliweka kalamu chini. Subhanallah.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua mchana kutwa. Safu yenye tundu moja, katikati kabisa, imejirudia mara thelathini na nane, wala haina herufi. Hii ndiyo iliyonifanya niseme "siri": alama moja, mara nyingi hivyo.

Ijumaa, 12 Aprili. Ramadhani 11

Naandika kwa kirefu kwa sababu leo nimeona aibu, na aibu yangu nataka niijue vizuri.

Nilirudi kutoka swala ya Ijumaa nikamkuta Tabia anasuka ukili wa rangi mbili, mwekundu na mweupe. Nilikaa karibu yake na utepe wangu.

"Baba Mwanamwema," alisema, bila kuinua macho, "hiyo kamba ya karatasi imekuoa?"

"Imenishinda. Imezidi."

"Imezidi nini?"

Nikamweleza. Alicheka kwa pua.

"Miye hunijia wanawake wa mjini hapa, wanataka niwafundishe. Anatazama mkeka, anahesabu maua mekundu, ananiambia: Mama, miyaa kumi ya ukindu mwekundu itatosha. Namwacha. Akifika katikati imekwisha, anakuja kunililia."

"Kwa nini imekwisha?"

"Kwa kuwa amehesabu inayoonekana! Mwaa mwekundu ukitaka utokeze hapa," alilibonyeza ua kwa kidole gumba, "lazima kwanza upite chini ya mweupe. Huko chini huuoni. Lakini umeliwa. Na usipopita huko chini, ua halitoki. Weye umetazama uso wa mkeka tu."

Niliutazama utepe. Nikaitazama safu ya tundu moja la katikati. Iko baada ya neno. Iko kabla ya neno. Haiko kwingine kokote.

Ni nafasi. Ni ule uwazi mtupu kati ya neno na neno.

Katika waya wangu wa zamani, kati ya neno na neno unanyamaza. Unainua kidole, unahesabu kimoyomoyo, unaendelea. Kimya hakikuwa kitu. Mashine hii haijui kunyamaza. Ukitaka inyamaze lazima uiamrishe, na amri hiyo inakula safu kama herufi nyingine yoyote. Kimya kina mwili. Miaka thelathini nilitoa kimya kwa kidole changu na sikuwahi kukihesabu.

Thelathini na nane zimeondoka kwenye siri ya Noa. Zimebaki ishirini na moja. Tabia aliniambia niende nikachukue nazi, maana futari haisukwi kwa mawazo.

Jumamosi, 13 Aprili

Safu mbili zinazofuatana, mara tatu, kila mwisho wa mstari uliochapwa: moja huirudisha mashine mwanzo wa mstari, moja hushusha karatasi. Sita. Zimebaki kumi na tano.

Jumapili, 14 Aprili

Mtaro wa barabara ya kumi na tatu umefurika. Sikufanya kazi.

Jumanne, 16 Aprili. Ramadhani 15

Nina jambo jipya na limenitia hofu. Penye marobota 120 katika nakala, utepe hauna 120. Una Q, W, P. Penye 48 una R na I. Nimesoma tena na tena. Maumbo ni yale yale ya herufi, hayana tofauti ya tundu moja. Hapa ndipo Eliudi angepiga makofi. Nilifunga daftari, nikatembea hadi Chumbageni na kurudi, nikilowa bure.

Njiani nilijiambia: mwekundu ukitokea juu, kuna mahali umepita chini. Tafuta chini.

Nilipofika nilitazama safu iliyo kabla ya Q. Matundu manne, katikati pamebaki pazima. Nikatazama kabla ya R. Manne, katikati pazima. Tarakimu zimo mahali sita katika utepe ule, na mahali pote sita limetangulia umbo hilo. Na tarakimu zikiisha, huja safu ya matundu yote matano, ndipo herufi zinaendelea.

Nimeelewa, na nimesimama peke yangu chumbani kama mtu aliyeitwa jina. Safu hiyo haiandiki chochote. Inasema tu: kuanzia hapa, soma vingine. Na mashine inatii, inasoma vingine, hadi safu nyingine iseme: rudi. Q ile ile, matundu yale yale, ikawa tarakimu 1. Hakuna kilichobadilika ndani yake. Kilichobadilika ni kilichotangulia.

Nami nilisomwa vingine miaka mingapi, kwa sababu ya neno moja lililonitangulia? Baada ya vita nilipoomba ruhusa ya kurudi Pemba, karani aliandika "aliwatumikia Wadachi" juu ya jina langu, na baada ya hapo hakuna aliyesoma jina lenyewe. Na neno nililoliweka mimi mbele ya jina la Noa ni "siri".

Kumi na mbili zimeondoka. Zimebaki tatu.

Jumatano, 17 Aprili

Tatu.

Alhamisi, 18 Aprili

Hizi tatu ni za matundu yote matano, ile alama ya "rudi kwenye herufi". Lakini ziko katikati ya maneno, mahali ambapo hapakuwa na tarakimu ya kurudi kutoka kwake. Mashine imezipita kimya. Hazina kazi. Nilimpelekea Eliudi hesabu yangu mpya, safu hamsini na sita zimeelezwa. Aliisoma kwa makini. Si mtu mbaya, ana hofu ya meneja wake.

"Mzee, umetuchanganya. Kwanza ulisema zote."

"Nilikosea."

"Na hizi tatu? Meneja ataniambia, siri haihitaji safu hamsini na tisa. Tatu zinatosha."

 Aliniambia jalada linafungwa Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 19 Aprili

Ijumaa Kuu ya Wakristo pia. Mvua, na kengele ya kanisa kwa mbali.

Jumatatu, 22 Aprili. Ramadhani 21

Jana usiku nilimwambia Tabia nitavunja ahadi niliyompa Eliudi. Alisema, "Ahadi ya kutozungumza na mtu? Hiyo si ahadi, hiyo ni kufuli." Asubuhi nilipanda treni hadi Muheza, na kutoka hapo nikatembea kwenda Magila kwa bakora, umri huu, nikiwa na swaumu, udongo ukinivua viatu kila hatua kumi. Mchungaji wa mbuzi mmoja aliniuliza kama nimepotea. Nilimwambia ndiyo, tangu tarehe tatu.

Bibiana alikuwa anapura mahindi barazani. Alinitambua. Aliinuka, akanipa kigoda, na hakunipa maji, kwa kuwa alijua nimefunga.

"Umekuja kulihesabu lile moja," alisema.

"Nimekuja, mama."

Akamwita. Noa ni mfupi, ana miaka kama thelathini, vidole vyake vimechafuka udongo wa shamba. Aliniamkia, akachuchumaa mbele yangu kama inavyompasa mtoto wa watu, lakini uso aliutazamisha upande. Nilimwomba radhi kwanza, kabla sijauliza lolote. Nilisema: "Nilikushuhudia bila kukujua. Nisamehe."  Nikamwonyesha utepe na zile safu tatu.

Aliushika, akaupitisha kati ya vidole, akatabasamu kidogo kwa masikitiko.

"Haya ni makosa yangu, Mzee."

"Makosa gani?"

"Nilibonyeza herufi siyo. Hapa, na hapa, na hapa. Sasa utafanyaje? Tundu halizibwi. Karatasi ikishatoboka imetoboka. Kwa hiyo unaurudisha utepe nyuma safu moja, unatoboa zote tano juu ya kosa. Mashine ikifika hapo inaona matano, inajua ni alama ya herufi, inapita bila kuandika. Halafu unabonyeza herufi ya kweli."

"Kwa nini hukumwambia Eliudi?"

"Nilimwambia ni mashine. Nikisema nilikosea mara tatu katika utepe mmoja, nafukuzwa kwa kukosea. Nilidhani siri hawataiona kwa kuwa haipo."

Mama yake aliguna. "Umeona? Akili ya shule hiyo. Akaficha kosa, wakampa kosa kubwa zaidi."

Niliutazama utepe hadi macho yakajaa maji. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, vya dini na vya dunia, na sikupata kusoma hivi: kwamba kosa lisiloweza kuzibwa lifutwe kwa kutobolewa kabisa. Aliyeunda mashine hii alikaa akafikiri juu ya mtu atakayekosea, kabla hajazaliwa, akamwachia umbo moja kati ya thelathini na mawili. Ambalo ni "rudi" ndilo hilo hilo "samehe".

Nilipoondoka Bibiana alinifungia ndizi za kuchemsha na kipande cha samaki katika jani. "Za futari," alisema. "Sikukuu yetu hii na mfungo wenu huo, wote tumbo ni moja." Nilifuturu ndani ya treni, kituo cha Pongwe, adhana ikisikika kwa mbali.

Jumatano, 24 Aprili

Ofisini kwa kampuni. Meneja, Eliudi, Noa, na mimi katika kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Noa alikuwa amekubali kusema makosa yake matatu, liwe liwalo. Nilimwomba meneja amruhusu Noa kukaa mashineni.

Kwanza niliusoma utepe wa tatu kwa sauti, safu kwa safu, herufi kwa herufi. Penye nafasi nilisema "kimya". Penye tarakimu nilisema "soma vingine". Ilichukua muda mrefu na meneja alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama. Nilifika mwisho: 243. Hakuna safu iliyobaki bila jina.

Kisha nikamwambia Eliudi achague herufi yoyote, amwonyeshe Noa kwa siri, naye Noa aibonyeze makusudi kama kosa katikati ya neno. Noa akabonyeza, akarudisha utepe, akatoboa zote tano. Wakaupitisha. Neno likachapwa zima, halina kovu.

Meneja aliuchukua utepe akauelekeza dirishani. "Na chini ya matundu haya palikuwa na herufi gani?" aliuliza. Kiswahili chake ni kizuri.

"Siioni," nilisema. "Noa mwenyewe akiutazama utepe haioni. Aliye Korogwe haioni. Siri isiyoweza kusomwa na anayepelekewa si siri, bwana. Ni kosa lililotubiwa."

Meneja aliuweka utepe mezani. Halafu akamwambia Eliudi alete jalada, akalirarua mbele yetu, si kwa furaha. Noa amerudishwa kazini kuanzia Jumatatu ijayo, na ameonywa kuhusu makosa. Nani aliyewaunganisha wakataji, wenyewe watatafuta. Mimi sikuulizwa na sikusema nadhani nini.

Jumanne, 30 Aprili. Ramadhani 29

Mawingu. Mwezi haukuonekana. Tunakamilisha thelathini. Watu barazani walibishana kama kawaida, mimi sikubishana. Mwezi nao hauna urefu mmoja, na siku ya thelathini ina swaumu yake kamili.

Alhamisi, 2 Mei. Idi

Mvua imekatika. Nyumba imejaa harufu ya pilau, na Tabia amefanya ujanja fulani wa karafuu ambao kila mwaka unanirudisha Wete kwa pumzi moja tu, kisha unaniacha hapa.

Noa alikuja na mama yake kutupa mkono wa Idi. Bibiana na Tabia waliingia ndani, na dakika hiyo hiyo wakaanza kucheka, sitaki kujua kwa nini. Noa alinipa utepe mfupi, umekunjwa.

"Usome mwenyewe, Mzee. Hauna nakala."

Niliusoma kwa kidole, sindano haikuhitajika. S, H, I, K, A, M, O, O. Tundu la katikati. M, Z, E, E. Tundu la katikati. Kisha safu moja ya matundu yote matano. Kisha M, A, S, S, O, U, D.

"Hapa ulikosea," nilimwambia, nikamwonyesha ile safu ya matano.

"Ndiyo. Kabla ya jina lako palikuwa na kitu."

"Kitu gani?"

"Hata mimi siwezi kukisoma tena," alisema.

Baada ya wageni kuondoka nilifungua daftari hii ukurasa wa tarehe tatu Aprili. "Mtu huyu ana siri." Nilichovya kalamu, nikataka kuupaka wino mstari mzima hadi usisomeke. Nikaiweka kalamu chini. Noa alikosea herufi. Mimi nilikosea mtu. Mstari wangu na ubaki unasomeka. Utepe wake nimeuweka juu yake, ukurasa huo huo, kama alama ya kitabu.